Buti la ngozi kwa mguu mpana: la mtumba, la kiwandani, la fundi au la kuagiza?

Binamu yangu alipokuja likizo kutoka Marekani aliniletea buti la ngozi nililokuwa nimelingoja miezi minane. Nilikuwa nimemwambia kwamba navaa namba 43 na mguu wangu ni mpana. Yeye, kwa nia njema kabisa, akaongeza namba mbili, akanunua 45. Nikaingia nalo porini Kilosa kupima mipaka ya mashamba. Ilipofika saa saba mchana kisigino kilikuwa kimechubuka kwa kupanda na kushuka ndani ya kiatu, na kidole kidogo kilikuwa kinabanwa karibu sawa na kwenye 43. Nililivua chini ya mwembe, nikamaliza siku kwa kandambili za mwenye shamba.

Tangu siku hiyo nimenunua mabuti ya aina nne kwa njia nne tofauti, nimesimama mbele ya mafundi wengi, na nimejifunza mambo ambayo ningependa mtu angeniambia mapema. Kazi yangu ni ya kutembea, kwa hiyo nayapima mabuti kwa kilomita.

Kwanza hili la namba. Namba ya kiatu ni kipimo cha urefu. Kwa hesabu ya Ulaya, ile ya 40, 41, 42, kila namba inaongeza theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.67. Kwa Uingereza na Marekani namba moja ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Upana nao hukua namba inapopanda, ila ni milimita moja au mbili tu kwa kila namba. Ukipanda namba mbili unapata zaidi ya sentimita nzima ya urefu usiouhitaji, na upana ulioongezeka haufiki hata nusu ya unaoutafuta. Tena buti hutengenezwa likunjike mahali pamoja, pale vidole vinapoungana na wayo. Likiwa refu mno, mkunjo wa kiatu unakaa mbele ya mkunjo wa mguu, vinavutana siku nzima, na ngozi hupasuka pembeni mapema.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha chochote, jipime. Fanya hivyo jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na uwe umevaa soksi utakazovalia buti. Simama juu ya karatasi ukiwa umeweka uzito wote, mtu akuzungushie penseli iliyosimama wima, isilale kuingia chini ya wayo. Pima urefu kutoka kisigino hadi kidole kilichotangulia, na kwa wengine hicho si kidole gumba. Kisha pima upana mahali palipotanuka zaidi, kutoka mfupa ulio chini ya kidole gumba hadi ule ulio chini ya kidole kidogo. Mwisho chukua tepu ya fundi cherehani uuzungushie mguu mahali hapohapo. Fanya miguu yote miwili, na ununue kwa vipimo vya ule mkubwa. Wangu una urefu wa milimita 265 na upana wa milimita 110.

Wamarekani wana kifaa cha chuma cha kupimia miguu dukani, kilichobuniwa na Charles Brannock wa Syracuse, New York, miaka ya 1920. Ndicho kilichoeneza zile herufi unazoziona baada ya namba. Kwa mwanamume D ni upana wa kawaida, kwa mwanamke ni B, na kila herufi inayofuata inaongeza karibu milimita 5. Kwa urefu wangu D ni kama milimita 100, kwa hiyo mimi ni EE. Ile ndiyo herufi ambayo binamu yangu angepaswa kuitaja dukani, na mimi ndiye niliyepaswa kumwandikia.

Herufi za Waingereza ni hesabu nyingine, tena hazifanani kutoka kampuni hadi kampuni. Kwa Clarks, kiatu cha kiume cha upana wa kawaida ni G, na kipana ni H. Kwa Loake, wa kawaida ni F na mpana ni G. Ukiokota G mbili sokoni, moja inaweza kuwa kiatu cha kila mtu na nyingine kiatu chako hasa.

Wala usidhani mguu mpana ni kasoro. Mwaka 1905 daktari Mmarekani, Phil Hoffmann, alilinganisha miguu ya watu wa Ufilipino na Afrika ya Kati waliozoea kutembea peku na ile ya wavaa viatu, akaona ya peku imetanuka mbele kama upepeo wa ukindu na ya wavaa viatu imefuata umbo la kiatu. Wengi wetu tulikwenda shuleni peku, au kwa kandambili, na mguu ukakua ulivyotaka. Ujauzito nao huweza kuutanua mguu, na umri pia.

Ila upana hauko wa aina moja, na hapa ndipo watu hukosea kuchagua. Mwingine ametanuka mbele lakini kisigino chake ni chembamba. Mwingine ana mgongo wa mguu ulioinuka, buti humkaba juu, kwenye kamba. Mwingine ana nundu ya mfupa pembeni ya kidole gumba, na mshono wowote unaopita hapo humuumiza. Jua wewe ni yupi, kwa sababu njia hizi nne hazimtendei kila mmoja sawa.

La mtumba

Nimeanza na mtumba kwa sababu ndiko kwenye vitu vizuri kuliko wengi wanavyoamini, na ndiko nilikopata hasara iliyoniuma zaidi.

Uzuri wake kwa mguu mpana ni kwamba viatu vinatoka kwenye nchi ambako upana huandikwa. Karume pale Dar, Memorial kule Moshi, Gikomba ya Nairobi, Kongowea ya Mombasa, kote huko utakuta mabuti ya Kimarekani yenye alama ya upana ndani ya ulimi au pembeni kwa ndani. Timberland huandika M kwa upana wa kawaida na W kwa mpana. Red Wing huandika D, E, EE. Wauzaji wengi hupanga kwa namba na kwa mwonekano, hawatazami herufi hiyo, na buti la EE hulala siku nyingi kwa kuwa wenye mguu wa kawaida wakilijaribu linawapwaya. Nimelipata la kwangu namna hiyo, bei ikashuka bila mimi kubishana sana. Ukiweza fika asubuhi marobota yanapofunguliwa, wakati wa ile bidhaa ya kwanza ambayo wenzetu wa Nairobi huiita kamera. Ukisubiri jioni utabaki na fagia.

Jaribio ninalolitegemea kuliko yote ni hili: toa kile kitandiko cha ndani, kiweke chini, simama juu yake peku. Mguu ukimwagika nje ya kitandiko pande zote mbili, rudisha buti, hata kama muuzaji anaapa kwamba litaachia. Likiwa la kushonwa halina kitandiko cha kutoa, basi lazima ulivae, ufunge kamba, utembee. Angalia pia alama ya mguu wa mvaaji wa kwanza. Mabuti yaliyovaliwa sana huwa na shimo la vidole vya mtu mwingine, na shimo hilo halitakuhamia wewe.

Sasa ile hasara. Niliwahi kununua Karume buti safi mno, soli haijagusa ardhi, la kampuni ya ughaibuni inayosifika. Wiki ya tatu, nikiwa mbugani, soli ya mguu wa kushoto ilianza kumeguka kama andazi kavu. Kufikia jioni nilikuwa natembelea ngozi tupu. Baadaye fundi alinieleza kilichotokea, na nikakithibitisha kwa kusoma. Soli nyingi nyepesi zimetengenezwa kwa poliyurethani, ile inayofupishwa PU. Unyevu wa hewani huivunjavunja polepole kutoka ndani, na kiatu kilichokaa bila kuvaliwa huoza vilevile, pengine vibaya zaidi, maana hakuna anayeona dalili. Kiatu kimekaa stoo huko, kimesafiri ndani ya kontena, kimefika kwenye unyevu wa pwani. Ukikitazama ni kipya. Kumbe kimekwisha.

Kwa hiyo bonyeza soli kwa ukucha pale ubavuni. Ikiingia na kuacha alama, ikinata, au ikitoa unga, achana nayo. Likunje buti kwa nguvu mbele ya muuzaji, akikataa ondoka. Soli ya mpira ni nzito zaidi na hurudi yenyewe ukiibonyeza. Tahadhari, soli inaweza kuwa mpira chini na PU kwenye tabaka la katikati, na ni lile la katikati linaloporomoka.

Kitu kimoja zaidi. Mabuti ya jeshi la Marekani huandikwa upana waziwazi, R kwa kawaida, W kwa mpana, XW kwa mpana zaidi, na ni imara. Yananitamanisha, lakini siyanunui. Tanzania, Kenya na Uganda raia kuvaa sare za kijeshi ni kosa, na mwaka 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Buti zuri halistahili kukutia matatani.

La kiwandani, lile la kazi

Hili ndilo linalopatikana kirahisi: duka la vifaa vya ujenzi, jipya, lina risiti. Bata ya Limuru inatengeneza, kiwanda cha ngozi cha Karanga pale Moshi nacho kinatengeneza, na mengi huja kutoka nje. Ukiona ISO 20345 kwenye ulimi, maana yake kofia ya vidole, ile ngao ngumu iliyofichwa mbele ya buti, imejaribiwa kuhimili pigo la jouli 200. Daraja la S1P lina kinga ya kutobolewa na msumari kutoka chini, la S3 linaongeza ngozi inayozuia maji kupenya na soli yenye meno.

Kwa mguu mpana tatizo liko kwenye kofia hiyo. Ngozi huachia kwa muda, chuma hakiachii hata siku moja. Ukingo wa nyuma wa kofia ukiangukia kwenye mfupa wa kidole kidogo, utaumia mwezi wa kwanza na mwezi wa kumi sawasawa. Usikubali kabisa neno la "litazoea" kwa buti la chuma. Jaribu ukichuchumaa kama unayefunga kamba, hapo mguu unakunjika na ukingo ule unajitokeza. Zipo kofia za plastiki ngumu badala ya chuma, nazo ni nyepesi lakini nyingi ni nene zaidi, kwa hiyo nafasi ya ndani si lazima iwe kubwa. Lazima uingize mguu ujue.

Kama kazi yako haina vitu vya kuanguka mguuni, mimi nashauri usichukue kofia kabisa. Mashambani na vijijini sioni inanisaidia nini.

Upande wa kudumu, mengi ya haya soli yake imemiminwa moja kwa moja chini ya ngozi, bila uzi. Ikiisha, buti limeisha, labda fundi akushonee soli ya tairi juu yake. Kwa bei yake ni haki. Yanavumilia tope na saruji, na anayeyavaa kila siku ya kazi asitarajie yamfikishe mbali sana.

La fundi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu naamini watu wenye miguu mipana Afrika Mashariki wana bahati moja ambayo wenzao wa mbali huilipia fedha nyingi mno. Tuna mafundi wanaoweza kumshonea mtu mmoja buti la mguu wake. Kariokor ya Nairobi inajulikana kwa hilo, na Moshi, Arusha, Mwanza, Dar, kila mji una wake ukiuliza.

Mzee aliyenishonea la kwanza ana kibanda nyuma ya stendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka nini?"

"Buti la kufunga kamba. Navaa 43, ila mguu wangu ni mpana."

"Vua." Akanichora kwenye karatasi ya boksi, mguu mmoja, kisha wa pili, akazungusha tepu mara tatu: kwenye vidole, katikati na juu ya mgongo wa mguu. "Watu wananiletea namba. Namba nitaishona wapi? Niletee mguu."

Buti hujengwa juu ya kalibu, lile umbo la mti au plastiki lenye sura ya mguu. Ngozi huvutwa juu yake, hupigiliwa na kuachwa ikae, ndiyo maana upana wa kalibu ndio upana wa buti. Mafundi wengi wana kalibu chache, nyembamba, zilizonunuliwa kwa seti. Fundi anayejua kazi hubandika vipande vya ngozi pembeni ya kalibu pale mguu wako ulipotanuka, akavisugua vikafuata umbo, ndipo akavuta ngozi. Uliza swali hili moja kabla hujatoa kianzio: "Kalibu utaiongezaje upana?" Akikujibu kwamba atakupa namba kubwa zaidi, mshukuru utafute mwingine. Akikuonyesha vipande vyake, umefika.

Ngozi nunua pamoja naye au umtake akuonyeshe kabla hajaikata. Ngozi za ng'ombe wa kwetu zina makovu mengi, ya miiba, kupe na chapa za moto, na viwanda husugua uso wake na kuupaka rangi nzito ili makovu yasionekane. Kovu dogo halipunguzi nguvu. Rangi nzito ndiyo inayosumbua mguu mpana, kwa sababu uso ule unafanana na plastiki, hautanuki, na ukikunjwa unapasuka. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi nzuri hutoa mikunjo midogo midogo kama nyuma ya kiganja, kisha hujinyoosha. Tazama na ukingo uliokatwa, uwe umeshikamana, usiwe na manyoya ya kuchambuka. Sehemu ya mgongo na makalio ya mnyama ndiyo imara. Ya tumbo ni legelege, hutanuka ovyo. Ukiwa na mguu mpana unasukuma ngozi ya mbele kila hatua, na ngozi ya tumbo ikikaa pale, baada ya miezi michache buti litakuwa limetumbukia nje ya soli. Nimeliona hilo kwenye mguu wangu mwenyewe.

Mambo mengine ya kuyatazama: kisigino kiwe na kipande kigumu cha ngozi ndani, maana wengine huweka kadibodi, ikilowa tu kisigino kinalala. Soli ishonwe, isiwe ya gundi peke yake. Soli ya tairi iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni si maridadi, lakini Kilosa imenipitisha masika mawili. Na umwambie asipitishe mshono kwenye mfupa wa kidole gumba. Fundi wa mtu mmoja anaweza kuusogeza mshono, kiwanda hakiwezi.

Ubaya wake haufichiki. Siku alizoahidi si siku utakazopata. Kazi ya jozi ya kwanza mara nyingi ina kosa, na inabidi urudi. Ubora unategemea mkono wa mtu mmoja, kijana wake akishona siku mzee hayupo utaona tofauti. Nilipeleka jozi yangu ya kwanza mara mbili kurekebishwa juu, kwenye kamba. Nilipoivaa mara ya tatu nilitembea kutoka stendi hadi nyumbani bila kukumbuka kwamba nimevaa kiatu, na sikuwa nimewahi kupata hilo tangu utotoni.

La kuagiza

Ukiwa na fedha na subira, njia hii inakupa kitu kilichokamilika. Sifa yake kuu ni namna ya kushona. Buti la mshono wa Goodyear lina ukanda mwembamba wa ngozi unaozunguka, ukanda unashonwa na sehemu ya juu, halafu soli inashonwa na ukanda. Soli ikiisha inafumuliwa inawekwa nyingine, sehemu ya juu haiguswi. Aina ya pili, ngozi ya juu yenyewe hukunjwa kwenda nje na kushonwa moja kwa moja na soli. Fundi wetu wa mtaani huelewa zote mbili akiziona. Tahadhari na mshono wa bandia, uzi wa urembo uliopigwa juu ya ukingo. Geuza buti: uzi usipoonekana popote chini ya soli au ndani ya mfereji wake, uliza.

Red Wing ya Minnesota, kampuni ya tangu 1905, ina buti la Iron Ranger linalopatikana kwa D na kwa EE. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola 300. Jim Green ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, iliyoanza 1992, inajulikana kwa kalibu zenye nafasi kubwa mbele, na African Ranger yao imeshonwa kwa ile namna ya pili. Mimi kati ya hizi mbili ningeanza na ya Pietermaritzburg: iko bara letu, imefikiriwa kwa askari wa wanyamapori wanaotembea kwenye jua na mawe kama ya kwetu, na bei iko chini kwa mbali. Mwenye kisigino chembamba aangalie tu kwamba anaweza kukifunga vizuri kwa kamba.

Dr. Martens 1460, iliyopewa namba yake kwa tarehe 1 Aprili 1960, wengi huniulizia. Pua yake ni ya mviringo na baadhi ya wapana hukaa vizuri. Ila soli yake huunganishwa na ukanda kwa joto, na fundi wa kibandani hana mashine hiyo. Kwa hesabu yangu ya kudumu, inashuka.

Gharama ya kweli ya njia hii ni kukosea. Juu ya bei kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na Uganda na 16 Kenya, na buti lisipokutosha, kulirudisha ng'ambo kunakula kilichobaki. Kwa hiyo usiagize bila vipimo vyako vya milimita, na ikiwa ni ndugu anayekununulia, mtumie picha ya karatasi yenye mchoro wa mguu pamoja na rula pembeni, halafu mwandikie herufi. Binamu yangu sasa ana ya kwangu kwenye simu yake.

Ukiyaweka yote mezani

Kwa starehe ya mguu mpana peke yake, la fundi linashinda, hasa kwa mwenye nundu au mgongo wa mguu ulioinuka, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachosogeza mshono kwa ajili yake. La kuagiza la herufi sahihi linafuata. Kwa kudumu hesabu inageuka: la kuagiza lililoshonwa linatangulia, na mtumba wa aina hiyohiyo uko karibu nalo kwa sehemu ndogo ya bei, ukiweza kuutambua. Buti la kiwandani lina nafasi yake pale tu sheria ya kazini inapodai kofia ya chuma. Anayehitaji kiatu kesho kutwa, mtumba. Anayeweza kungoja mwezi, fundi.

Mwanamke mwenye mguu mpana ajaribu kwanza rafu ya wanaume. Namba za Ulaya ni zilezile kwa wote, 40 ya kiume na 40 ya kike zina urefu mmoja, lakini ya kiume kwa kawaida imejengwa juu ya kalibu pana zaidi. Kwa hesabu ya Marekani apunguze namba moja na nusu: mwenye 9.5 ya kike avae 8 ya kiume, na D ya kiume itampa upana ambao kwa rafu ya kike ungeitwa mpana. Dada yangu ni muuguzi, anasimama zamu nzima, na hivi ndivyo alivyoachana na sugu zake. Kama una kisukari na miguu inakufa ganzi, usitegemee hisia zako kusema kiatu kinabana au la. Tumia kipimo cha kitandiko na umwonyeshe mhudumu wa kliniki.

Chochote utakachochagua, chagua buti ambalo mbawa zake mbili za kamba zimeshonwa juu ya sehemu ya mbele, zinafunguka wazi kama mlango. Yale ambayo mbawa zimeingia chini ya ngozi ya mbele hayafunguki, na mwenye mguu mnene huishia na kamba zisizokutana. Yale ya kuvuta bila kamba, yenye lastiki ubavuni, mwenye mgongo wa mguu ulioinuka asijisumbue nayo. Na kamba zikikukaba mahali pamoja, ruka tundu hilo, pitisha kamba wima hadi tundu la juu yake. Watu wamechana mabuti mazuri kwa kutojua hilo.

Kutanua kunawezekana kwa kiasi. Fundi akiliweka buti kwenye kalibu pana usiku mbili tatu, ngozi laini isiyo na bitana nene hukupa milimita chache, na akiweka kipande cha ngozi pale penye nundu anaweza kupatanua hapohapo tu. Ukiwa umekosa milimita kumi, hakuna fundi atakayezipata.

Utunzaji ni mfupi. Buti likilowa, toa kitandiko, jaza magazeti, lianike kivulini penye upepo. Jua kali na moto wa jikoni huikausha ngozi ikapasuka. Pwani usilifungie kabatini bila hewa, litaota ukungu. Kiwi huleta mng'aro, lakini ngozi inataka pia mafuta yake au nta ya nyuki mara moja moja, kidogo. Mafuta ya kupikia yanavunda. Na kama unaweza, uwe na jozi mbili uzipishane, kila moja ipate siku ya kukauka jasho.

Mimi leo natembelea mawili. Moja ni la mtumba, EE, soli imeshabadilishwa mara moja. La pili ni la mzee wa nyuma ya stendi. Ile karatasi ya boksi ameitundika ukutani kwa msumari, jina langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu, na vile vipande vya upana alivyovibandika kwenye kalibu amevifunga kwa kamba pamoja nayo. Nikitaka jozi nyingine napiga simu tu.